One ya 4 kutoka Igombe: nafasi ya kuingia MIT inapimwaje?

Matokeo ya kidato cha sita ya 2024 yalimkuta binti huyu kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Tahasusi yake ni PCM: Fizikia A, Hesabu A, Kemia B, yaani Divisheni One ya pointi 4. Kwa kipimo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ambacho A ni 5 na B ni 4, alikuwa na pointi 14 kati ya 15. Mjomba wake alimwombea vyuo kwenye steshenari moja ya Kirumba, akachaguliwa uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa familia ya Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, inayoishi kwa dagaa, hilo peke yake ni jambo la kuchinja kuku. Septemba aliporudi Mwanza akaja kwangu na swali kuhusu MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts kule Marekani, ambalo nyumbani hakuna aliyeweza kumjibu: "Shikamoo mwalimu. Nikiomba MIT, nina asilimia ngapi?"

Jina lake naliacha. Kisa nakiandika kwa ridhaa yake na ya mama yake, kwa kuwa swali hilo ni la wengi. Kila mwaka, kuanzia Julai mpaka Desemba, linaletwa na vijana wa Nyegezi, Nyakato, Sengerema, hata wanaovuka maji kutoka Ukerewe. Wengi huwa wameshajibiwa. Kuna waliowaambia "omba tu, ya Mungu mengi", na kuna waliowaambia vyuo vile havikuwekwa kwa ajili ya watoto wa mwaloni, ufukweni samaki wanaposhushwa. Wote hao wamejibu bila kufungua faili la mwombaji. Mimi nashikilia kwamba jibu limo ndani ya faili, na kwamba lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya: nafasi ya kukubaliwa, na nafasi ya kwenda kweli. Ya pili huwa ndogo kuliko ya kwanza, na ndiyo inayoumiza familia.

Namba ya nyuma ya daftari

Nyuma ya daftari lake alikuwa ameandika 4.5 kwa mia na kuizungushia duara. Namba hiyo ni ya kweli. Kwa mwaka ulioanza 2024, MIT ilipokea maombi 28,232 na kukubali watu 1,275. Lakini ni namba ya waombaji wote kwa pamoja, na wengi wao ni Wamarekani. MIT yenyewe inasema wazi kwamba nafasi za wanafunzi wa kigeni zina ukomo, na kwa fungu hilo wanaokubaliwa huwa kama wawili kwa kila mia. Kazi ya kwanza ikawa kuifuta 4.5 na kuandika 2. Alinyamaza kidogo, akafuta.

Hiyo 2 nayo haikuwa yake. Ni wastani wa fungu lenye washindi wa olimpiadi za hesabu za dunia, watoto wa shule za kimataifa waliosoma na washauri tangu wakiwa na miaka 14, na wengine maelfu ambao hawakujaza fomu vizuri. Mtu mmoja hawezi kuchukua wastani wa umati akauita bahati yake. Anachoweza kufanya ni kuuliza: nikisimama ndani ya umati huu, kipi kinanisogeza juu, kipi kinanishusha?

Hapa ndipo mwanafunzi wetu anapotelezea, kwa sababu amelelewa kwenye mfumo mwingine. Kwetu programu ina nafasi kadhaa, waombaji wanapangwa kwa pointi, wa juu wanachukuliwa kwanza. Ukijua pointi zako na ukijua mwaka uliopita walikomea wapi, unalala usingizi. Kule alama zinathibitisha tu kwamba masomo utayaweza. Wanaoyaweza ni wengi mara nyingi kuliko viti, kwa hiyo baada ya hapo wanasoma mtu mzima: shule aliyotoka ilikuwa na nini, walimu wanasema nini, amefanya nini bila kuagizwa, anaandikaje anapoeleza jambo lake mwenyewe. Hakuna fomula ya kutoa asilimia ya mtu mmoja. Anayekuuzia asilimia kamili kwa ada ya "ushauri" anauza hewa.

Alama na mtihani

Kidato cha nne alipata Divisheni One ya pointi 9, kidato cha sita One ya 4, tena kwenye shule ya serikali. Kwa upande huu faili lilikuwa na nguvu, ila nguvu hiyo lazima ielezwe. Msomaji wa Marekani hajui kwamba A ya kidato cha sita inaanzia 80, na kwamba B yake ya Kemia ni ya mtu aliyepata kati ya 70 na 79. Hajui pia kwamba tangu Januari 2023 NECTA, baraza la mitihani, iliacha kutangaza wanafunzi na shule bora kitaifa, hivyo hakuna orodha ya kumwonyesha. Tulimwomba mkuu wa shule aandike ukurasa mmoja: darasa la PCM lilikuwa na wasichana wangapi, wangapi walipata Divisheni One, kuna maabara ipi, umeme ukikatika wanafanyaje. Mkuu huyo aliandika vizuri kuliko nilivyotarajia. Ukurasa huo ni wa bure, na waombaji wengi wa kwetu wanaukosa kwa sababu tu hakuna aliyemwambia mkuu wa shule kwamba unahitajika.

Barua za walimu zilikuwa habari nyingine. Ya kwanza ilisema ana nidhamu, bidii na ushirikiano. Simlaumu aliyeiandika; ana madarasa manne na hajawahi kuonyeshwa barua ya aina hiyo ilivyo. Lakini barua ile ingeweza kuwa ya mwanafunzi yeyote wa nchi hii. Binti alimpigia mwalimu wa Hesabu na kumwomba kwa adabu aeleze tukio moja tu analolikumbuka. Mwalimu akaandika kuhusu siku aliyokosea hatua ubaoni kwenye intigrali, binti akanyoosha mkono, akaonyesha hatua ilipopotelea, kisha akaomba radhi kwa kumkatiza. Barua ikawa na mtu ndani yake.

Halafu SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. MIT ilirudisha sharti la mtihani huo mwaka 2022, baada ya kuusimamisha wakati wa korona, na bila alama zake, au za ACT unaofanana nao, ombi halijakamilika. Kuufanya ukiwa nje ya Marekani kunagharimu zaidi ya dola 100, na msamaha wa ada ambao wanafunzi wa Marekani wenye kipato cha chini hupewa hauwahusu wa kwetu. Aliufanya Dar mwanzoni mwa Desemba, akiwa tayari mwaka wa kwanza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hesabu 760, Kusoma na Kuandika 590. Jumla 1350 kati ya 1600.

Nyumbani walishangilia, na kwa haki kabisa, maana mtoto hakuwahi kufanya mtihani wa aina hiyo kwenye kompyuta. Lakini upimaji hauna huruma. Kwa waliojiunga MIT, kundi la katikati la Hesabu liko kati ya 780 na 800. Ile 760 inaonekana kubwa mpaka uiweke pale, ndipo unaona iko chini ya robo tatu ya wenzake. Na 590 ya lugha ilishusha zaidi. Msomaji mwenye busara atazingatia kwamba Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya Kisukuma na Kiswahili. Kuzingatia kunapunguza pengo. Hakulifuti.

Daftari la dagaa

Sasa nafika kwenye kitu kilichonifanya nisimwambie aache.

Insha yake ya kwanza ilianza na ndoto ya kuleta maendeleo Afrika kupitia teknolojia. Nimesoma insha hiyo kwa mikono ya vijana wengi mno. Nikamuuliza likizo huwa anafanya nini. Akasema anamsaidia mama kuanika. Nikamuuliza kuanika vipi, naye akaanza kueleza mambo ambayo mtu haelezi kama hajayashughulikia kwa mikono yake. Nikamwambia alete daftari kama lipo. Lilikuwepo.

Ni daftari la mraba, jalada limevimba kwa kuloa. Linaanza masika ya 2022, miezi ile aliyokaa nyumbani baada ya kidato cha nne akisubiri kupangiwa kidato cha tano. Anayekaa mwaloni anajua shida ya masika: dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, wanafika alfajiri, na wasipokauka siku hiyohiyo wanaanza kuharibika. Mawingu yakitanda siku mbili, mzigo ambao ungekuwa chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama yake alikuwa akianika mchangani kama majirani wengi. Binti akapanga sehemu tatu: mchangani, kwenye chanja ya miti na wavu, na kwenye chanja ya aina hiyo iliyofunikwa nailoni nyeupe. Akaazima mizani ya kuning'inia. Kila ukurasa una safu zilizopigwa kwa rula: tarehe, uzito wa mbichi, uzito baada ya saa kadhaa, jua, mawingu, harufu. Harufu ameipa alama kutoka 1 hadi 5.

Ukurasa ulionishika ni ule ambao mambo yaliharibika. Dagaa wa chini ya nailoni, ambao kwa joto lile walipaswa kuwahi kukauka, walikuwa wameota ukungu kabla ya wale wa mchangani. Pembeni ameandika kwa penseli: "Joto lipo. Maji yanatoka kwa dagaa, hayatoki ndani ya nailoni." Chini yake kuna mchoro wa chanja yenye uwazi chini upande wa ziwani, ambako upepo wa mchana unatokea, na uwazi mwingine juu upande wa pili. Kurasa zinazofuata zinaonyesha kilo 5 za mbichi zikishuka hadi kilo 1.4 kabla ya jioni, siku ambayo za mchangani bado zilikuwa kilo 2 na zaidi.

Hakuna mwalimu aliyemtuma. Hakuna shindano lililomngoja. Kwa chuo cha uhandisi, ukurasa ule una thamani kuliko cheti cha uongozi wa klabu na kuliko semina yoyote ya siku mbili, kwa sababu unaonyesha mtu anavyofikiri pale jambo linapokataa. Ndipo nikasema faili hili linastahili kusomwa Cambridge, mji wa Marekani iliko MIT, hata kama litakataliwa.

Tulivutana sehemu moja. Alitaka kuandika kwamba ameokoa wavuvi wa Igombe na hasara. Nikamuuliza ni wangapi wanatumia chanja yake. Mama na majirani wawili. Basi tukaandika mama na majirani wawili. Akaongeza mwenyewe kwa nini wengine hawajafuata: nailoni inachanika kwa upepo baada ya msimu mmoja, na bei ya kuibadilisha inakula faida. Sentensi hiyo ya kukiri udhaifu wa kazi yake ndiyo iliyoipa insha uzito.

Makadirio yangu

Nilimwekea hivi. Tunaanza na wawili kwa mia. SAT inashusha, lugha inashusha, kukosa medali ya mashindano ya kimataifa kunashusha kidogo. Matokeo halisi ya kidato cha sita mkononi yanapandisha, mazingira aliyotoka yanapandisha, daftari linapandisha sana. Nikamwambia hukumu yangu: uko karibu na wastani wa fungu lako, pengine juu kidogo. Wawili kwa mia, tatu nikijipa matumaini. Kwa maneno mengine, wakiomba mia moja walio kama wewe hasa, tisini na saba watapata barua ya kukataliwa, na wengi wao walistahili.

Mjomba, ambaye ni karani wa hesabu kwenye ghala moja la Nyakato, alikuwa na hoja yake, na ilikuwa hoja nzuri. Alitoa kikokotoo. Kama nafasi ni 3 kwa mia kila chuo, ukiomba vyuo 10 nafasi ya kukataliwa kote ni 0.97 ikizidishwa yenyewe mara kumi, ambayo ni kama 0.74. Basi nafasi ya kupata angalau kimoja ni 26 kwa mia. Zaidi ya robo! Kwa nini tuombe vichache?

Hesabu yake ni sahihi kama vyuo vinaamua kila kimoja kwa bahati nasibu yake. Haviamui hivyo. Vyote vinasoma 590 ileile, barua zilezile, insha ileile. Kile kinachokifanya chuo cha kwanza kisite kinakifanya cha pili na cha tatu kisite pia. Majibu yanafuatana, hivyo 26 ni dari ambalo hatulifikii. Ukweli uko chini yake, tena chini sana. Jambo la pili ni muda. Kila chuo kina maswali yake ya ziada, na yeye mwaka wa kwanza wa uhandisi ulikuwa umeshaanza. Maombi kumi yaliyoandikwa usiku wa manane ni dhaifu kuliko manne yaliyoandikwa kwa utulivu. Mjomba alikubali nusu. Tukaishia kwenye vinne.

Uchaguzi wa hivyo vinne uliongozwa na fedha. Mwaka mmoja MIT, ukijumlisha ada, malazi na chakula, ulikuwa zaidi ya dola 80,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 200. Vyuo vichache sana Marekani havitazami uwezo wa mwombaji wa kigeni kulipa wakati wa kuamua, na vikishamkubali vinamfidia upungufu wote, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst kwa miaka mingi, Dartmouth na Bowdoin viliongezeka 2022. Vingine vingi vinatazama. Kwa vinavyotazama, msichana anayehitaji karibu kila senti anashindana kwenye fungu dogo zaidi, hata kama ukurasa wa mbele wa tovuti unasema chuo kinakubali nusu ya waombaji. Hili naomba mzazi alisome mara mbili. Chuo "rahisi" kisicho na fedha za wageni kinaweza kuwa kigumu kwako kuliko kinavyoonekana. Akachukua vitatu vya kundi la kwanza, MIT na Yale vikiwemo, na kimoja kidogo kinachotazama uwezo lakini kinachotoa ufadhili kwa wageni kadhaa kila mwaka.

Ada za maombi hazikuwa kikwazo. Ya MIT ni dola 75 na inasamehewa ukiomba. Vingine pia vilisamehe. Kazi kubwa ilikuwa fomu za kipato. Zinataka kipato cha mwaka, na mama hana hati ya mshahara. Kipato chake kinafuata mwezi: usiku wa giza kuna dagaa, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika. Tulikaa na daftari lake la madeni ya wateja, tukahesabu msimu kwa msimu, kisha serikali ya mtaa ikaandika barua ya kuthibitisha kazi yake. Usipunguze kipato ili kuonekana maskini zaidi, na usikikuze kwa aibu. Andika unavyoweza kuthibitisha.

Kukaa nyumbani au kwenda Mlimani

Mwanzoni binti alitaka kuahirisha chuo mwaka mzima ili ajiandae. Alisoma mahali kwamba ukishaanza digrii unahesabiwa mwanafunzi anayehamia kutoka chuo kingine. Nilipinga kwa nguvu. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, alikuwa ameshapangiwa, na hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba mwaka unaofuata atapangiwa tena vilevile. Kuweka kitu cha uhakika rehani kwa ajili ya tatu kwa mia ni jambo ambalo mama yake asingelifanya na gunia moja la dagaa. Tukaviandikia vyuo barua pepe kuuliza. Mstari wa kawaida wa kuhesabiwa hivyo ni mwaka mzima wa masomo, na mwombaji aliye katikati ya mwaka wa kwanza anaeleza hali yake waziwazi kwenye fomu. Alieleza. Akaenda Mlimani.

Majibu

MIT hutoa majibu tarehe 14 Machi jioni ya kule. Kwetu ilikuwa saa saba unusu usiku kuamkia 15 Machi 2025. Hapana. Yale na kile cha tatu, mwisho wa mwezi: hapana. Alinitumia ujumbe mfupi kila mara, wa mwisho ukiwa na neno moja.

Chuo kidogo kikasema ndiyo.

Hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu, kwa sababu barua ya ndiyo ilikuja na ufadhili mkubwa na pengo la dola 14,000 kwa mwaka, karibu shilingi milioni 37. Igombe ilijua kabla ya jua kuzama. Mjomba alikuwa na kiwanja Buhongwa na mteja tayari, kwa bei ambayo ingetosha mwaka wa kwanza na tiketi ya ndege. Na kwa taratibu za viza, mwanafunzi huonyesha fedha za mwaka wa kwanza. Ingewezekana kabisa kupita. Mjomba alisema, "Mwalimu, mtoto akishafika kule, njia itapatikana."

Nilikwenda Igombe siku hiyohiyo. Niliwaambia kwamba mwaka wa pili pengo litarudi vilevile, na wa tatu, na wa nne, jumla dola 56,000, na kiwanja ni kimoja. Mwanafunzi wa kigeni huko anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Fedha hiyo ni ya sabuni na vitabu. Akishindwa kulipa mwaka wa pili anarudi bila digrii, nafasi ya Mlimani imekwenda, mkopo umekwenda, kiwanja kimekwenda. Mjomba alikasirika. Aliniambia mimi ni mtu wa kuzima taa za watoto. Sikumjibu, kwa sababu alikuwa tayari kuuza mali yake kwa ajili ya mtoto wa dada yake, na mtu wa hivyo hajibiwi kwa ukali.

Aliyeamua ni mama. Alimuuliza binti swali moja: "Wakikuongezea, utakwenda. Wasipokuongezea, Dar unasoma kitu hichohicho au kingine?" Binti akasema ni hichohicho, umeme. Basi tukaandika barua ya kuomba ufadhili uongezwe, tukiambatisha hesabu za msimu. Wakaongeza dola 2,000. Kabla ya tarehe 1 Mei, siku ya mwisho ya kuthibitisha, aliandika kuwashukuru na kukataa.

Watu wameniuliza kama hilo linaonyesha kwamba makadirio yalikuwa sahihi. Kukataliwa mara moja hakupimi makadirio ya tatu kwa mia, kama ambavyo kukubaliwa kusingeonyesha kwamba nilimpunja. Kilichojulikana ni hiki tu: faili lake lilisomeka. Chuo kinachotazama fedha kilikuwa tayari kumlipia sehemu kubwa mtoto kisichomjua, na kilichowavuta, kwa maelezo ya barua yao wenyewe, ni chanja.

Kwa anayeanza leo, upimaji una hatua ambayo 2024 haikuwepo. Desemba 2025 Marekani iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya viza, za masomo zikiwemo, kuanzia 1 Januari 2026. Kabla ya kuuliza asilimia ya chuo chochote cha kule, angalia kwanza hali ya viza ikoje siku hiyo, kwenye taarifa za ubalozi wenyewe. Vijana ninaokaa nao mwaka huu wameandika orodha tofauti: Dar, Mbeya, ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi, Ashesi kule Ghana, Cape Town.

Binti yuko mwaka wa pili Mlimani. Likizo iliyopita aliniuliza kama ahamie nje kabla hajamaliza. Nilimwambia asiharakishe: ufadhili wa wanaohamia ni mwembamba kuliko wa wanaoanza, wakati kwenye uhandisi udaktari wa falsafa katika vyuo vingi vya nje hulipiwa na chuo kwa kazi ya utafiti, na anayeuomba anapimwa kwa utafiti aliokwisha kufanya. Ameanza kuingiza kurasa za daftari kwenye kompyuta, safu kwa safu, akimtafuta mhadhiri atakayekubali kusimamia mradi wa mwaka wa nne kuhusu ukaushaji wa dagaa.